Siku Tulipowaita Marehemu kwa Kihispania

Harufu ya bangi mwitu ikinifikia leo, hata nikiwa ndani ya gari na vioo vimepandishwa, nyayo zangu hupata baridi. Sisemi bangi ile inayowindwa na polisi. Nasema gugu lile refu la mashambani, lenye majani yaliyochanika-chanika na viua vidogo vya manjano, ambalo ukiligusa tu linakuachia mkononi harufu kali, nusu ya ganda la chungwa na nusu ya dawa ya ng'ombe. Kwetu Nyamuswa lilikuwa kero. Mvua za vuli zikikaribia, kabla ya kupanda pamba, tuliling'oa mpaka viganja vikawa vya kijani, na mama alichukua matawi machache akayatandika kwenye viota vya kuku ili kufukuza utitiri. Hiyo ndiyo kazi pekee tuliyoijua ya gugu hilo. Hakuna aliyetuambia kwamba upande wa pili wa dunia wapo watu wanaotumia ua la ukoo huohuo kuwaonyesha wafu njia.

Nimezoea kuwaambia wanafunzi wangu wa Musoma, siku ya kwanza kabisa, nao huandika: mimi ni mtu wa kwanza wa ukoo wetu kuvuka bahari. Sikupelekwa na mjomba wala mfadhili. Nilitandika vitanda vya hoteli huko Valensia, mchana natandika na jioni nasoma, mpaka nikaitwa jukwaani kupokea diploma ya kufundisha Kihispania, pamoja na utamaduni na ustaarabu wa watu wanaokisema. Diploma hiyo iko ukutani, ndani ya fremu ya mninga, mahali ambapo anayeingia hawezi kuikwepa. Waongoza watalii wanaosema Kihispania kutoka geti la Serengeti upande wa Bunda mpaka mjini Musoma wengi wamepita mikononi mwangu, na ukimsikia mmoja wao anakitamka vizuri, huna haja ya kuuliza alifundishwa na nani. Lakini katika darasa la Kihispania la kwanza nililoingia sikuwa mwalimu. Nilikuwa mtoto wa darasa la tano, miguu mitupu, na habari za darasa hilo ndizo ninazotaka kuzieleza hapa.

Mwaka ule alikuja Nyamuswa mwanamke kutoka Meksiko, jina lake Inés. Sisi tulimwita Mwalimu Inesi. Alikuja kujitolea kwenye zahanati ya misheni. Alikuwa na nywele za mvi alizozisuka msuko mmoja uliofika kiunoni, na Jumamosi alasiri aliwakusanya watoto kwenye ukumbi wa kanisa akatufundisha lugha yake. Wazazi walikubali upesi, kwa sababu vijana wa Bunda walikuwa wameanza kupata kazi za kupokea wageni na habari za mishahara yao zilikuwa zimefika mpaka Mugeta. Mwalimu Inesi hakutufundisha maneno matupu. Alisema hawezi kututajia chakula bila kutueleza nani alikilima kwanza, wala kututajia nyumba bila kutueleza nani alifukuzwa ili nyumba hiyo ijengwe. Kutoka kwake tulisikia habari za Wahispania waliofika na farasi, na za watu waliowakuta huko na mahindi yao. Alisema mahindi, nyanya, pilipili, hata bangi mwitu, vyote asili yake ni ng'ambo ile. Rafiki yangu Magesa, ambaye mdomo wake haukuwahi kufungwa, aliinua mkono.

"Mwalimu, kwa hiyo ugali ni wa kwenu?"

"Mahindi ni ya kwetu," alisema akicheka. "Ugali mmeubuni wenyewe."

Nilipomsimulia baba jioni, alisema, "Mwambie ugali wa kweli ni wa mtama. Huo wa mahindi wauchukue tu."

Mimi nilikuwa wa kwanza darasani. Sijisifu, hata Magesa alikiri, na yeye alikuwa hakirigi kitu. Ndiyo maana mwishoni mwa Oktoba, Mwalimu Inesi alipotangaza somo kubwa la mwaka, niliamua kwamba lazima kitu changu kishinde vya wote. Alisema kwao, mwanzoni mwa Novemba, marehemu hurudi kuwatembelea ndugu zao. Watu hupanga meza yenye picha, mishumaa, na chakula alichokipenda marehemu, kisha humwaga petali za maua kutoka barabarani mpaka mezani ili asipotee njia. Ua la kwao lina rangi ya chungwa na ni kubwa kama ngumi, lakini alipoinusa bangi mwitu yetu mara ya kwanza, alisema, aliketi chini palepale shambani, kwa sababu harufu ilikuwa ileile. Alimkumbuka mdogo wake, Remedios, aliyekufa kwa homa akiwa msichana. Basi kila mmoja wetu alete kitu cha marehemu wa nyumbani kwao, na ataje jina lake.

"Mimi nitaleta kigoda cha bibi yangu Wakuru," nilisema.

Magesa aligeuka akanitazama kama aliyeona ng'ombe anapanda mti. "Wewe! Bibi yako kafa lini? Si namuonaga pale kwenu anakula udongo?"

Darasa zima lilicheka, isipokuwa Mwalimu Inesi, ambaye hakuelewa. Kwa anayetoka mbali kama yeye, nieleze. Bibi yangu, mama yake baba, alikufa kabla mdogo wangu hajazaliwa. Mdogo wangu alipozaliwa alilia mfululizo, akakataa titi, akawa anakauka. Shangazi Nyangeta, dada yake baba, akaitwa kutoka Mugeta. Alimpakata mtoto mlangoni, akachovya kidole kwenye maziwa, akaanza kutaja majina ya marehemu wa ukoo, moja baada ya jingine, akigusa midomo ya mtoto kwa kila jina. Alipofika kwa Wakuru, mtoto alinyamaza na kunyonya kidole. Hapo ilijulikana bibi amerudi. Tangu siku hiyo hakuna aliyesema marehemu bibi. Kigoda chake cha miguu mitatu akapewa mtoto. Baba, mwanamume mzima mwenye ng'ombe na sauti ya kutisha, alikuwa akitoka asubuhi anamsalimu yule mtoto tangu alipokuwa wa kutambaa: "Mama, umeamkaje?" Kwangu mimi mambo hayo mawili hayakugombana. Bibi alikufa, nilikuwa nimeliona kaburi lake. Bibi yupo, alikuwa ananivuta nywele. Mwalimu aliuliza nani alikufa, nami nikajibu nilichoulizwa.

Siku yenyewe anga lilikuwa na mawingu mazito ambayo hayakutaka kunyesha. Tulitandika kanga mezani, tukapanga vitu: kofia ya babu wa mmoja, rungu la baba wa mwingine, picha ya Remedios kwenye fremu ndogo. Alikuwa msichana wa misuko miwili, ameshika ndewe ya sikio lake la kushoto kana kwamba anasikiliza kitu. Nilikiweka kigoda mbele ya meza, kwa kuwa kilikuwa kikubwa kuliko nafasi iliyobaki juu yake, na juu ya meza niliweka sahani ya furu wakavu, wale samaki wadogo ambao bibi aliwapenda na aliwala kwa kuanza na kichwa. Chetu ndicho kilichopendeza kuliko vyote. Kisha tukatoka na ndoo za viua vya bangi mwitu, tukamwaga mstari wa manjano kutoka mlangoni, tukapita uwanja wa kanisa, mpaka kwenye barabara iendayo Bunda. Tulipomaliza lilifika kundi la ng'ombe kutoka malishoni. Waliokuwa mbele walifika kwenye mstari wakasimama. Mchungaji aliwachapa, akapiga mluzi, akatukana, hawakuinua kwato. Walisimama wote wameelekeza pua chini kwenye maua, bila kulia, mpaka akawazungusha nyuma ya mashine ya kusaga.

"Wanaogopa harufu," alisema Mwalimu Inesi, lakini alisema polepole.

Ndani ya ukumbi aliwasha mishumaa. Alisema atasoma majina kama mahudhurio, na sisi tumjibie kila marehemu kwa neno la Kihispania, presente, maana yake yupo. Ilikuwa kama mchezo mwanzoni. Alitaja babu wa mmoja, tukaitika kwa pamoja, tukachekana kwa matamshi. Akataja Remedios, tukaitika. Kisha akataja, "Wakuru." Tulivuta pumzi tuitike. Kabla hatujafungua midomo, mtu akaitika mlangoni.

"Abee."

Ilikuwa sauti ndogo, lakini ya mtu mzima aliyekatizwa kazi. Mdogo wangu alikuwa amesimama kizingitini. Nyumbani kwetu palikuwa mbali, ng'ambo ya josho la ng'ombe, naye hakuwa amewahi kutoka peke yake hata kufika kwenye kisima. Nyayo zake zilikuwa za manjano mpaka kwenye vifundo. Alikuwa ameifuata njia tuliyoimwaga, yote, bila kukosea hata hatua. Hakumtazama mtu. Alipita katikati yetu, akaketi kwenye kigoda, akanyoosha mkono mezani akachukua furu, akaanza kumla. Alianza na kichwa. Alipomaliza huyo mmoja aliegemea mguu wa meza na kulala, na mkono wake wa kushoto ukapanda taratibu ukashika ndewe ya sikio.

Magesa aliruka dirishani akakimbia. Wengine walikimbia kupitia mlangoni, wakiruka yale maua. Mimi nilibaki, na nataka ijulikane hivyo. Nilibaki na mwalimu, tukambeba.

Mtoto hakuamka vizuri tena. Alifungua macho, lakini hakulia, hakuitika alipoitwa, hakumeza kitu. Mama alimwita Wakuru mpaka sauti ikakauka. Baba alimwita "Mama" kama kila asubuhi, akapiga magoti mbele yake, na mtoto akamtazama kama mtu anayetazama ukuta. Zahanati walimpima malaria hawakuiona. Walimwekea dripu, akanawiri kidogo, walipoitoa akarudi vilevile. Watu walianza kuja nyumbani kuketi bila kusema, jinsi wanavyoketi mahali wanapojua kinachokuja. Baba alitaka mwalimu afukuzwe Nyamuswa siku hiyohiyo. Aliyemzuia ni Shangazi Nyangeta, aliyefika kutoka Mugeta nyuma ya baiskeli, vumbi mpaka kwenye kope.

"Aliyeita asipokuwepo, nani atarudisha?" alisema. "Mleteni."

Mwalimu Inesi alikuja asubuhi, ng'ombe wanatolewa zizini, amebeba kigoda cha bibi kichwani kama mwanamke wa kwetu. Shangazi alimketisha kwenye mkeka akamtazama muda mrefu.

"Kwenu mtu akifa anakwenda wapi?"

"Anakwenda mbali, mama. Lakini kila mwaka anarudi siku moja. Anakula, anaondoka."

"Siku moja tu?" Shangazi alimsikitikia kweli. "Mnawaonea. Wa kwetu akirudi anakaa. Anapewa titi, anabebwa, anaanza upya. Sasa wewe umemwita mtu ambaye alishafika. Yeye afanyeje? Amerudi kule ili aje tena."

"Sikujua."

"Ungejuaje? Hawa watoto wenyewe wanajua na wamekunyamazia."

Hakusema kwa hasira. Alimpakata mdogo wangu mlangoni palepale alipompakata siku za mwanzo, akachovya kidole kwenye kibuyu cha maziwa. Akaanza na Wakuru. Mtoto hakutikisika. Akarudia Wakuru kwa sauti ya juu, kuelekea makaburini, akasubiri. Hakuna. Akataja mama zake bibi, dada zake, wale wa Ikizu na wale walioolewa Butiama, majina mengine sijawahi kuyasikia tena. Maziwa yalichuruzika kidevuni mwa mtoto yakadondoka mavumbini. Ng'ombe wa mwisho alikuwa ametoka zizini, na ninakumbuka kwamba hapakuwa na kuku hata mmoja uani. Mama alimshika mtoto mguu, kwa sababu majina yalikuwa yamekwisha, na mtoto asiye na jina la kumshika hakai.

"Pale kwenye meza yenu," Shangazi alimuuliza mwalimu, "mlimwita nani mwingine?"

Mwalimu alitaja wale wa wenzangu. Shangazi alitikisa kichwa kwa kila mmoja. Hao wana nyumba zao, watakwenda kwao.

"Na wa kwako wewe?"

Nafikiri Mwalimu Inesi alikuwa ameshaelewa, kwa sababu alikuwa akiutazama mkono wa kushoto wa mtoto. "Remedios," alisema.

Mdogo wangu aligeuza kichwa. Alimtazama yule mgeni usoni, macho yakajaa mtu tena, akafungua mdomo, akanyonya maziwa kwenye kidole cha Shangazi kwa nguvu mpaka akakohoa. Kisha akalia kilio kikubwa, cha mtoto mwenye njaa, na mama akalia pamoja naye. Mwalimu Inesi alikuwa ameinama, paji la uso liko mkekani, msuko umelala vumbini.

"Hilo jina si la kwetu," baba alisema.

"Tangu sasa ni la kwetu," Shangazi alimjibu. "Amekunywa maziwa yako. Mtu wa watu amefuata maua mpaka huku, hana pa kufikia, umfukuze?"

Baba alisimama akitazama barabara iendayo Bunda. Sijamsikia tena akitumia sauti ile. "Sawa," alisema. "Na mama yangu je? Mama yangu ameenda wapi?"

Shangazi alimfuta mtoto maziwa kidevuni. Mdogo wangu aliishi, akanenepa, na kijiji kizima kikamwita Remedi. Baba alimpenda, lakini hakumsalimu tena asubuhi. Mwalimu Inesi alirudi kwao mvua zilipokwisha. Tangu hapo kila mtoto alipozaliwa kwenye ukoo wetu baba alikwenda kuketi karibu na mlango, na jina la Wakuru lilipotajwa aliinua uso, na hakuna mtoto aliyelipokea.

Nilipopata diploma yangu, safari ya kwanza niliyojilipia haikuwa ya nyumbani. Nilikwenda Meksiko. Nilimkuta Mwalimu Inesi mzee, mdogo kuliko nilivyomkumbuka, kwenye mji wa kando ya ziwa ambako dagaa huanikwa kama Musoma. Nilisema Kihispania mbele yake bila kosa hata moja, akawaita majirani waje wasikie. Ilikuwa mwanzo wa Novemba na nyumba nzima ilinuka shamba letu. Aliweka sahani ya Remedios mezani, akaniambia na mimi niweke ya mtu wangu. Sahani zote mbili tulizipakulia kutoka chungu kimoja, unga wa mahindi uliofungwa kwenye maganda yake, na dagaa wa ziwa lao. Niliweka sahani, nikataja Wakuru, kwa adabu tu, bila kutegemea kitu.

Kwao wanaamini marehemu hula ladha na kuacha chakula. Kinachobaki walio hai hukila asubuhi, na huwa hakina utamu. Asubuhi Mwalimu Inesi alinipa kwanza ya Remedios. Ilikuwa na chumvi yote, pilipili yote.

"Tangu nilipotoka kwenu inabaki hivyo," alisema. "Haji tena. Anakula kwenu. Sasa onja ya kwako."

Nilionja. Ilikuwa kama kutafuna karatasi iliyolowa. Nikarudia, nikafikiri ni homa ya safari, nikaonja tena ile ya Remedios, pilipili ikaniwasha. Nikawatazama dagaa kwenye sahani ya Wakuru. Wote walikuwa wamelala wamenyooka kama nilivyowapanga, na wote hawakuwa na vichwa. Nyumba ile haina paka.

Nilitoka nje nikampigia baba simu. Kwetu ilikuwa jioni, na kwenye simu nilisikia ng'ombe wakiingia zizini.

"Baba, nimempata mama yako. Yuko huku."

"Anakula?" aliuliza.

"Anakula, baba. Anamaliza."

"Basi," alisema. "Asianze safari nyingine. Mwache apumzike."

Siku hizi kila Novemba napanga meza ile kwenye chumba changu cha kufundishia, karibu na Mwigobero hapa Musoma. Wanafunzi wangu wana simu zenye picha za kila kitu, wanajua sherehe hiyo kabla sijafungua mdomo, na wananisahihisha rangi za mishumaa. Kijana mmoja, mwana wa fundi cherehani wa Bunda, alifurahi sana nilipomwonyesha kwamba neno sukari la kwetu na lile la Wahispania yametoka kwa Mwarabu mmoja, na tangu hapo haniachii nafasi kwa maswali. Mwaka jana aliniuliza mbona njia yetu ya maua inaishia kizingitini, wakati kwenye simu yake inafika mpaka barabarani. Nilimwambia barabara za huku zina shughuli nyingi. Remedi, ambaye sasa ana duka la vitenge Bunda na hajui neno moja la Kihispania, alikuwa amekuja kunitembelea. Alikuwa ameketi pembeni ameshika sikio lake, na alinitazama akacheka.

Nikiwa mtoto, darasa lilikuwa ukumbi wa kanisa na marehemu walikuwa jirani. Leo nina kuta zangu, diploma na projekta, na marehemu wanafundishwa kama sura ya saba. Wanafunzi bado wanaandika siku ya kwanza kwamba mimi ni wa kwanza wa ukoo wetu kuvuka bahari, nami nawaacha waandike. Lakini nikienda Nyamuswa, baba ananisubiri mlangoni na fimbo yake, amezeeka, ametulia, na kila mgeni akisifu safari zangu yeye hutikisa kichwa na kumsahihisha.

"Huyu ni wa pili," husema. "Mama yangu alitangulia, tena kwa miguu."